Homa Irudiyo: Habari za Kupe na Papasi

Wasikilizaji wa Dagahaley wamjua kupe tangu utoto, kwa kuwa ngamia na mbuzi hawamkosi. Wengi humhesabu kuwa adui wa mnyama tu. Lakini yafaa ifahamike kwamba wako na wamdhuruo mwanadamu.

Katika nchi za baridi za Ulaya na Marekani, kupe wa msituni hueneza ugonjwa uitwao Lyme, kwa jina la mji wa Marekani ambako ulitambuliwa katika miaka ya 1970. Kijidudu chake, chenye umbo la uzi uliojisokota, kina ndugu yake katika Afrika ya Mashariki, nacho ndicho kiletacho homa ya papasi.

Papasi ni wa jamii ya kupe, ila hana gamba gumu mgongoni. Mchana hujificha katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu. Usiku hutoka, humfyonza damu aliyelala, kisha hurudi mafichoni. Aweza kukaa miaka bila chakula. Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu katika Kongo, aliambukizwa, akafa. Mwaka huohuo Mjerumani Robert Koch alionyesha kwamba papasi hurithisha kijidudu hicho kwa mayai yake. Kwa hiyo nyumba haiwi salama kwa kuhamwa tu.

Homa huanza ghafula, yapata juma moja baada ya kuumwa, pamoja na kutetemeka na maumivu ya kichwa na viungo. Baada ya siku tatu hivi hupoa, mgonjwa akadhani amepona; siku kadhaa baadaye hurudi. Wengi huidhani malaria, wakameza dawa isiyoifaa. Kwa mwanamke mjamzito, yaweza kuharibu mimba. Dawa yake ipo, nayo huponya. Hapana budi mgonjwa aende hospitali homa ingali mwilini, damu ipimwe kwa darubini, naye aeleze kwamba homa iliondoka ikarudi, na mahali alipolala.

Kitanda kisiguse ukuta, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Mkeka usitandikwe chini ya mti wanapopumzika ngamia, wala mifugo isilazwe pamoja na watu. Kupe aliyeng'ang'ania ngozi ashikwe kwa kibano karibu na kichwa, avutwe taratibu. Asichomwe moto wala kupasuliwa kwa vidole. Kuta nazo zikandikwe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika ufa huo ndimo alimo papasi.