Mwalimu wa Timu na Nafasi ya Tatu

Juma hili tunasoma habari za mpira.

Mwalimu wa timu hukaa kando ya uwanja. Maelfu ya watu wanapiga kelele, saa inakwenda, na yeye lazima akate shauri: nani atoke, nani aingie? Wengi hudhani shauri hilo humjia ghafula. Pengine ni kweli. Lakini sikilizeni habari hii.

Tarehe 5 Julai, mwaka 2014, Uholanzi ilicheza na Kosta Rika katika Kombe la Dunia, mjini Salvador, nchi ya Brazili. Mwalimu wa Uholanzi aliitwa Louis van Gaal. Wakati ule timu iliruhusiwa kubadili wachezaji watatu tu; siku hizi ni watano. Van Gaal alikuwa amekwisha kubadili wawili. Wachezaji wamechoka, bao halijapatikana. Je, amwingize mtu mwenye nguvu mpya? Hakufanya hivyo. Nafasi ya tatu aliishika kama mtu ashikavyo shilingi yake ya mwisho.

Dakika 120 zikakaribia kwisha, bado sifuri kwa sifuri. Zimebaki penalti. Hapo ndipo alipomtoa golikipa Jasper Cillessen, akamwingiza Tim Krul, mtu mrefu zaidi. Watazamaji walishangaa. Krul hakushangaa, maana aliambiwa mapema kwamba huenda akaitwa. Kosta Rika walipiga penalti tano, na kila mara Krul aliruka upande ule ule uliokwenda mpira. Mbili alizizuia. Uholanzi ikashinda 4 kwa 3.

Basi, shauri lile lilikwisha katwa kabla ya kelele kuanza. Kazi ngumu uwanjani ilikuwa kungoja. Kosta Rika wangepata bao moja tu mwishoni, watu wangemwita Van Gaal mpumbavu.

Cillessen, yeye, hakuambiwa neno. Van Gaal hakutaka kumvuruga mawazo kabla ya mchezo. Golikipa huyo alitoka kwa hasira, nami simlaumu.

Siku nne baadaye Uholanzi ilicheza na Argentina, ikawa sifuri kwa sifuri tena. Safari hii nafasi zote tatu zilikwisha kabla ya penalti, kwa hiyo Krul alibaki kukaa. Cillessen hakuzuia hata moja. Argentina ikashinda 4 kwa 2.

Sasa fungueni madaftari yenu, mwandike sentensi tatu. Kama wewe ungekuwa mwalimu wa timu ile, ungemwambia Cillessen mapema, au ungenyamaza? Kisha msomee jirani yako ulichoandika.