Bomu lililokosa Mwanza

Machi 1979, Vita vya Kagera vikiendelea, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin wa Uganda, ililenga bohari ya mafuta hapa Mwanza. Ikakosa. Makombora yakaangukia Saanane, kisiwa cha hifadhi kilicho jirani kabisa na mji, yakaua swala.

Leo majeshi makubwa hupiga hesabu za mashambulizi kama hayo kwa programu za kompyuta: uwezekano wa bomu kufika, kisha uwezekano wa kilichopigwa kuharibika. Kipimo kimojawapo kikuu ni mduara kuizunguka shabaha, ambao nusu ya mabomu hutarajiwa kuangukia ndani yake. Nusu nyingine, msikilizaji, huangukia nje. Na nje ya bohari ya mjini kuna nyumba, masoko, mialo ya wavuvi.

Programu hizo zinaweza kupunguza uharibifu, sikatai. Lakini hujibu zilichoulizwa tu. Ukiziuliza tanki la mafuta litapasuka vipi, hazitakutajia mama anayeanika dagaa pembeni. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inamtaka anayeshambulia awafikirie raia kabla ya kufyatua. Basi majeshi yetu ya Afrika Mashariki, yakitumia kompyuta kuchagua silaha, yamwingize mama huyo kwenye hesabu mwanzoni kabisa.