Kioo cha Simu Kikikataa Kugeuka

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo, Kharumwa, wilaya ya Nyang'hwale)

 

Leo sikuja kusema habari za pamba wala za mahindi. Nimekuja kusema habari za simu. Najua wako watakaosema, "Aa, simu si mambo ya vijana hayo?" Hapana, ndugu zangu. Simu ni ya kila mtu anayeitumia. Nitawaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe, ili ninyi yasiwapate.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kazi yangu ni kuandika daftari la hisa. Majina yako upande wa kushoto. Halafu zinafuata wiki, moja baada ya nyingine. Jumla iko mwisho kabisa, upande wa kulia. Kila tukimaliza kikao, naupiga picha ukurasa huo kwa simu yangu ya kupangusa.

Msimu wa mvua uliopita nyumba yangu ilivuja. Daftari likalowa. Wino ukasambaa, pasisomeke kitu. Ikabaki picha tu ndani ya simu.

Siku ya kugawana fedha ikafika. Mama mmoja akasema hisa zake ni 18. Mweka hazina, kwa kumbukumbu yake, akasema ni 13. Watu wakasema, "Katibu, lete picha tuone."

Nikafungua picha. Ukurasa ni mpana, kioo ni chembamba. Maandishi yakawa madogo kama sisimizi. Nikayakuza kwa vidole viwili. Jina likionekana, jumla inatoka nje ya kioo. Jumla ikionekana, jina halipo. Nikailaza simu ubavu ili picha igeuke na kujaa kioo. Wapi! Picha nayo ikalala ubavu. Nikaitikisa simu, haikusaidia kitu.

Watu wakaanza kunong'ona. "Katibu anaficha jambo." Ndugu zangu, neno hilo liliniuma sana.

Nikaondoka mbio kwenda kwa fundi simu. Fundi akaitazama kidogo tu, akasema kioo kimekufa, lazima kibadilishwe. Akataka niiache simu mpaka kesho. Tena akataka na namba ya siri ya fedha, eti ya kujaribia. Na laini hiyo ndiyo yenye fedha za kikundi! Kwa vile nilikuwa nimechanganyikiwa, nusura nimpe.

Kumbe yule mama wa hisa 18 alikuwa amenifuata nyuma. Mama huyu alijifunza kusoma ukubwani, kama wengi wenu hapa. Akasema, "Katibu, hebu lete niisome kwanza." Akaweka kidole juu kabisa ya kioo, akavuta kwenda chini. Zikatokea alama nyingi zenye maneno. Akasoma polepole, neno kwa neno, mpaka akafika penye neno "Zungusha". Akaligusa. Akailaza simu ubavu. Picha ikageuka papo hapo, ikajaa kioo chote.

Tukasoma wote. Jina lake lile pale, na jumla yake ile pale: 18. Mweka hazina hakuwa mwizi. Siku ile ya kuandika alikuwa ameiona 8 kama 3. Mambo yakaisha kwa amani.

SIMU INAJUAJE KUGEUKA?

Ndugu zangu, simu haina macho ya kuona umeishikaje. Ndani yake mna kidude kidogo sana cha kupimia. Kidude hicho kimetengenezwa kwa silikoni, kitu kinachopatikana katika mchanga. Kina kiuzito kilichoshikwa na vijispringi vyembamba mno. Ukiilaza simu ubavu, kiuzito kinavutwa upande wa chini. Umeme wa simu unapima kimesogea upande gani. Hapo simu inajua chini ni wapi, na inageuza picha.

Fundi mwashi ana pimamaji. Mnunuzi wa dhahabu ana mizani. Simu nayo ina kipimo chake.

Kwa sababu hiyo, simu ikiwa imelala chali juu ya meza, kipimo hakiwezi kujua ubavu upi ndio wa chini. Ukiizungusha pale mezani, picha inaweza isigeuke. Huo si ugonjwa. Iinue mkononi.

MAMBO YA KUFANYA

Simu nyingi tunazotumia, kama Tecno, Itel, Infinix na Samsung, zinafanana katika jambo hili. Fanya hivi:

1. Weka kidole juu kabisa ya kioo. Vuta kwenda chini. Kama alama zilizotokea ni chache, vuta mara ya pili.

2. Tafuta alama yenye picha ya simu na mishale ya kuzunguka. Kwenye simu ya Kiswahili utaona maneno kama "Zungusha kiotomatiki". Kwenye simu ya Kiingereza utaona "Auto-rotate". Simu nyingine kioo kikiwa kimefungwa huandika "Portrait", yaani kimefungwa kwa kusimama.

3. Iguse mara moja. Ikiwaka au ikibadilika rangi, kioo kimefunguliwa.

4. Fungua picha au video, kisha ilaze simu ubavu. Usijaribie kwenye ukurasa wa mwanzo wenye alama nyingi. Katika simu nyingi ukurasa huo haugeuki hata simu ikiwa nzima. Programu nyingine nazo hazigeuki kwa sababu ndivyo zilivyotengenezwa.

5. Ikikataa bado, izime simu, kisha iwashe. Jaribu tena.

Mtauliza, nani aliifunga? Mara nyingi ni sisi wenyewe. Kidole kimegusa alama bila kujua, au mtoto alikuwa akichezea simu.

LINI UENDE KWA FUNDI?

Kama umefanya yote matano na hata picha na video hazigeuki, huenda kipimo kimeharibika. Hutokea simu ikianguka vibaya au ikiingia maji. Hapo nenda kwa fundi. Mafundi wazuri wapo, nao wanafanya kazi ya haki. Lakini shika mambo haya manne:

Kwanza, uliza bei kabla simu haijafunguliwa.

Pili, toa laini yako ubaki nayo.

Tatu, namba ya siri ya fedha usimpe mtu yeyote. Kutengeneza kioo hakuhitaji namba hiyo hata kidogo.

Nne, ukiweza, kaa pale pale mpaka kazi iishe.

KISOMO CHENYE MANUFAA

Wazee wetu mnakumbuka. Mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, mikoa yetu ya Ziwa ilianzishiwa kisomo chenye manufaa. Maana yake, mtu asijifunze a, e, i, o, u basi. Asome mambo ya kazi yake: pamba, ndizi, uvuvi, mifugo. Mkulima akisoma, shamba lake lipate faida.

Siku hizi fedha zetu ziko ndani ya simu. Picha za daftari ziko ndani ya simu. Basi kusoma maneno ya simu nako ni kisomo chenye manufaa. Mimi niliyeitwa katibu nilikimbilia kwa fundi bila kusoma. Mama aliyejifunza ukubwani ndiye aliyesoma kwanza, akaokoa fedha za kikundi na jina langu pia.

Sasa basi, tukitoka hapa, kila mwenye simu ya kupangusa aitoe. Avute kioo kwenda chini, aitafute ile alama, amsomee jirani yake. Asiye na simu asome kwa mwenzake. Na sisi makatibu tununue daftari la pili, maana picha peke yake haitoshi.

Elimu haina mwisho.