Ulipo, Kwenye Ramani

Leo tunaizungumzia APRS, mfumo wa redio ya ridhaa ulioasisiwa na Mmarekani Bob Bruninga, unaoonyesha kwenye ramani mahali ulipo.

Kwenye simu ya Android, pakua programu ya APRSdroid. Kwanza, jaza alama ya wito iliyo kwenye leseni yako ya redio ya ridhaa, kisha namba ya nyongeza: 7 kwa redio ya mkononi, 9 kwa gari. Pili, weka namba ya uthibitisho inayotokana na alama hiyo; bila hiyo, seva za intaneti hazitapokea taarifa zako. Tatu, ruhusu programu kutumia GPS, kisha chagua njia ya kutuma: intaneti au redio. Kwa redio, Ulaya hutumia masafa ya megahezi 144.800, na Marekani 144.390.

Njia ya redio ina thamani kubwa pale mtandao wa simu usipofika, mradi kuwe na kituo cha kuipokea ishara yako.

Lakini kumbuka: taarifa hizi hazifichwi, yeyote anaweza kuziona. Ukikaribia nyumbani, zima programu. Na kama huna leseni, tafadhali usirushe chochote hewani; anza kwa kuitafuta.