Mkono wa Dayalisisi Unapovimba



Leo tumwangalie mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, na ambaye pia amewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo. Nyaya za kifaa hicho hupita ndani ya mshipa mkubwa ulio chini ya mtulinga. Mshipa huo unaweza kupata kovu na kuwa mwembamba. Ikiwa fistula iko mkono wa upande huohuo, damu hukosa njia nzuri ya kurudi moyoni.

Dalili ni hizi: mkono au uso kuvimba, mishipa kujitokeza kifuani, na damu kukawia kukatika sindano zikitolewa.

Usiukande wala kuufunga mkono huo. Mpeleke hospitali, na utaje kifaa cha moyo. Daktari anaweza kuupanua mshipa kwa kipira maalumu. Huweza kuwa mwembamba tena, kwa hivyo asikose kliniki. Kijibomba cha wavu kikiwekwa, kinaweza kubana nyaya, ndiyo maana madaktari wa figo na moyo hushauriana kwanza.

Kila asubuhi gusa fistula. Mtetemo ukikoma, msingoje siku ya mashine. Nendeni siku hiyohiyo.