Nani Anamuuliza Mnunuzi?
Mhadhara wa umma uliotolewa Ipagala, Dodoma



Asubuhi ya Agosti 7, 1998, magari mawili yaliyosheheni vilipuzi yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani, moja Nairobi na jingine Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Habari za waliopanga shambulio mmeshazisikia sana. Mimi naomba tuitazame shehena. Mwaka 2010 Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alipokuwa kizimbani New York, waendesha mashtaka walidai alishiriki kununua lori lililotumika Dar es Salaam pamoja na mitungi ya gesi ya oksijeni na asetilini. Ni mitungi ya aina ile ile anayoitumia fundi wa kuchomelea mageti mtaani kwetu. Lori ni la kubebea mizigo, na mitungi inauzwa mchana kweupe. Hapakuhitajika jahazi la magendo wala njia ya panya.

Katika kesi hiyo kulikuwa na jambo lingine. Mtu aliyedaiwa kumuuzia baruti mshtakiwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi, kwa sababu jina lake lilipatikana wakati Ghailani alipokuwa akihojiwa kwa mabavu mikononi mwa CIA. Ghailani alitiwa hatiani kwa kosa moja tu kati ya zaidi ya 280, na kosa hilo moja likampa kifungo cha maisha. Wanasheria wamebishana sana juu ya mahojiano yale, na wana haki ya kubishana. Mimi najiuliza kwa nini pande zote mbili zilipigania kwa nguvu kiasi kile ushahidi wa muuza baruti. Jibu langu ni kwamba muuzaji alikuwa amemwona mnunuzi. Mtungi hausemi umenunuliwa kwa kazi gani. Aliyeuuza anaweza kusema, akiulizwa.

Udhibiti wa bidhaa zenye matumizi ya kiraia na ya kijeshi haukujengwa juu ya swali la nani ananunua na kwa kazi gani. Ulijengwa juu ya orodha. Nchi za Magharibi zilianza mwaka 1949 na kamati yao ya Paris, COCOM, iliyozuia teknolojia isiwafikie Wasovieti, nayo ikadumu hadi 1994. India ilipolipua kifaa chake cha nyuklia Mei 1974, kwa plutonia iliyotoka kwenye kinu ilichopewa na Kanada kwa matumizi ya amani, wauzaji wa vifaa vya nyuklia wakaunda umoja wao na orodha yao. Iraki ilipotumia silaha za kemikali vitani na Iran, likazaliwa Kundi la Australia mwaka 1985, na orodha nyingine. Mwaka 1996 ukafuata Mpango wa Wassenaar, ambamo Afrika nzima ina kiti kimoja, cha Afrika Kusini. Sisi wengine tunapelekewa orodha zikiwa zimekwisha andikwa.

Hazina ubaya wa asili, orodha hizi. Ila kitu kimoja hukaa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Gerhard Schrader, mkemia wa Ujerumani, mwaka 1936 alikuwa akitafuta dawa ya wadudu, akaipata tabuni, sumu ya neva ambayo jeshi la nchi yake liliichukua mara moja. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anayepulizia dawa shambani anatumia kemia iliyo jirani na ile. Sianidi ya sodiamu imo katika orodha ya Kundi la Australia, na pasipo sianidi dhahabu nyingi ya Geita na Chunya ingebaki ndani ya mawe. Ukiifungia njia kwa sababu imo kwenye orodha umefunga migodi. Ukiiachia kwa sababu wachimbaji wanaihitaji umeruhusu kila mtu.

Hapa kwetu kila kitu kina mwenyewe. Urani na vyanzo vya mionzi viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa sheria ya mwaka 2003. Sianidi iko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka huo huo. Baruti ina sheria yake ya 1963, droni zina vibali vyake, na mbolea ina mamlaka yake. Kila ofisi ina fomu, mhuri na mkaguzi. Lakini sheria ya pamoja ya forodha ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, ina Jedwali la Tatu linalotaja bidhaa ambazo kuzipeleka nje kumewekewa masharti. Nendeni mkalisome. Mtakuta vyuma chakavu, mbao, mkaa, sangara na sato wabichi. Mengine yote yameachiwa sheria nyingine za kila nchi. Sina ugomvi na sato, ila jedwali hilo linaonyesha tulipoandika sheria tulikuwa tunaogopa nini: kupoteza mali. Kwamba mali yetu, au mali inayopita kwetu, inaweza kumdhuru mtu kwingine, hatukulifikiria kwa uzito huo huo.

Na itatubidi tulifikirie, kwa sababu ya urani ya Bahi. Chini ya mbuga zile ambako watu hulima mpunga, na kuvuka hadi Manyoni, kampuni za utafiti zilitafuta urani kwa miaka kadhaa, iliyo karibu na uso wa ardhi ndani ya tabaka la mawe ya chokaa. Bei ilianguka baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, na mgodi haukufunguliwa. Huko Namtumbo, Mto Mkuju, mambo yamesonga: Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani, katika mradi ulio chini ya Rosatom ya Urusi. Urani ghafi ina asilimia 0.7 tu ya aina inayopasuka kwa urahisi. Kinu cha umeme kwa kawaida huhitaji asilimia 3 hadi 5, bomu karibu 90. Mashine inayoipandisha kutoka 0.7 hadi 5 haibadiliki inapoendelea hadi 90. Urani hupitishwa tu mara nyingi zaidi kwenye mashine za aina ile ile. Kwa hiyo atakayeuza unga wa njano wa urani wa Namtumbo, na siku moja pengine wa Bahi, atapaswa kujua unakwenda kwenye mashine za nani. Tanzania iliingia Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia mwaka 1991, na tangu 2005 imefungwa na Itifaki ya Ziada, inayotutaka tulitaarifu Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kuhusu migodi na mauzo ya nje. Hapo angalau tuna mahali pa kuanzia.

Tumeonja pia upande wa pili wa fimbo. Januari 2025 Marekani ilitangaza kanuni iliyoweka ukomo wa chipu za akili unde ambazo nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, zingeweza kununua. Nchi 18 tu na Marekani yenyewe zilisamehewa. Mei mwaka huo huo Marekani ilitangaza kuiondoa kanuni hiyo. Kijana anayesoma kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma alikuwa amewekwa kwenye fungu la kutiliwa shaka bila mtu kumuuliza anataka kutengeneza nini. Ndiyo kasoro ya udhibiti unaotazama ramani badala ya mtu.

Mfano wa heri ninaoujua umetoka Somalia. Azimio namba 2498 la Baraza la Usalama, la Novemba 2019, halikusema mbolea yenye naitreti isiende huko kabisa. Lilisema nchi zizuie mauzo pale penye ushahidi, au hatari kubwa, kwamba bidhaa itaishia kwenye mabomu ya kutegwa. Mkulima wa Shabelle hakunyimwa mbolea. Nchi inayouza ndiyo iliyotwishwa swali.

Swali hilo linaweza kuulizwa kwetu bila kuunda mamlaka nyingine, maana tunazo za kutosha. Mamlaka ya Mapato hufunga lakiri za kielektroniki kwenye malori ya mizigo ya kupita, na kuyafuatilia toka bandarini Dar es Salaam hadi mpakani, ili mzigo wa Zambia au Kongo usishushwe njiani kukwepa kodi. Jicho hilo tulilijenga kwa ajili ya shilingi. Lori la kemikali za migodini likishavuka mpaka wa Tunduma, kwa mkusanya kodi kazi imekwisha, hata kama lina safari ndefu hadi Kasumbalesa na Lubumbashi huko Kongo. Ninachopendekeza ni kwamba kwa bidhaa chache zilizochaguliwa, sianidi ikiwa ya kwanza, faili lisifungwe Tunduma. Lifungwe pale mgodi wenyewe, kupitia serikali ya nchi yake, utakapoandika kwamba umepokea mapipa mangapi. Na wakala wa forodha ambaye mizigo yake haithibitishwi asipewe kibali kingine mpaka aeleze ilikokwenda. Mawakala watalalamika kwamba tunawachelewesha na kwamba shehena zitahamia Beira na Durban. Nyingine zitahamia kweli, na hesabu ya hasara hiyo iwekwe mezani pamoja na pendekezo hili.