Kipimo cha Mche na Waya wa Kukatia
Mazungumzo na vikundi vya watengeneza sabuni, Kata ya Msangeni



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo katika mafunzo mengi hupewa dakika tano za mwisho, wakati watu wamekwisha kuchoka na wanasubiri chai. Jambo lenyewe ni ukubwa wa kipande cha sabuni na kifaa cha kukikatia. Tunafundishwa kupima mafuta, kupima kostiki soda, kukoroga hadi uji ushike, kisha tunaambiwa, "Ikiganda, kateni." Mimi nimejifunza kwa hasara kwamba faida ya kikundi hupatikana au hupotea palepale penye neno hilo.

Kikundi chetu kilipata oda ya miche 60 ya kilo moja kutoka kwa mwenye duka mmoja mjini. Tulipika, tukamimina, siku ya pili tukakata kwa kisu cha jikoni. Tukapima mche mmoja, mmoja tu, ukawa na kilo moja na gramu 10. Tukafurahi, tukaandika "kilo 1" kwenye karatasi zote. Baada ya wiki nne tukapeleka mzigo. Mwenye duka akauweka mche wa kwanza kwenye mizani, ukasoma gramu 880. Wa pili 940. Wa tatu 850. Hakututukana. Alitusaidia kufunga maboksi, akasema, "Mama, nikiuza hii, mteja atasema mwizi ni mimi." Tukarudi nayo yote, na nauli ya kurudi tukachangishana.

Makosa yetu yalikuwa mawili, na nitayaeleza moja moja, kwa kuwa hayatibiwi kwa dawa moja.

La kwanza ni maji. Sabuni inayotoka kwenye kalibu ina maji tuliyoyeyushia kostiki, na maji hayo huondoka polepole kwa wiki kadhaa. Sabuni ya kupika bila moto huweza kupoteza gramu 10 hadi 15 katika kila gramu 100, kutegemea maji mliyotia, unene wa kipande na hali ya hewa. Hapa kwetu milimani, ukungu ukishuka na masika yakishika, sabuni hukaa na maji yake kuliko ile ya wenzetu walioko tambarare. Kwa hiyo kipimo alichokupa rafiki yako wa Mwanga mjini usikichukue kama kilivyo. Chukua mche mmoja, uutie alama kwa msumari, uupime siku ya kuukata, kisha kila wiki siku ileile, na uandike kwenye daftari. Siku uzito utakapoacha kushuka, utakuwa umeijua sabuni yako. Ikiwa imepungua gramu 12 katika kila 100, basi anayetaka kuuza kilo moja kamili hana budi kukata mche wenye gramu 1,140 ukiwa mbichi. Hesabu hii inauma, kwa sababu mafuta ni ghali. Lakini karatasi inayoandikwa uzito ni ahadi, tena ni ahadi ya kisheria: Wakala wa Vipimo hupima bidhaa zilizofungashwa, nao huangalia uzito uliomo siku bidhaa inapouzwa. Uzito wa siku mliyopika hauwahusu.

Sasa, mche uwe na ukubwa gani? Wengi wetu tumenunua kalibu iliyokuwepo sokoni, kisha tukaanza kutafuta wateja wa kipande kinachotoka humo. Nawashauri muanze na mnunuzi. Dukani mche wa sabuni hauuzwi mzima kila siku. Mwenye duka huukata, na mama anayefua nguo za watoto hununua kipande cha fedha aliyonayo. Tuseme, kwa mfano tu, mche wenu unauzwa shilingi 4,000. Ukikatika vipande 8 vilivyo sawa, kila kimoja ni shilingi 500, na hapana anayehangaika kutafuta chenji. Ukikatika vipande 7, mwenye duka atapata taabu, na mwezi ujao atanunua miche ya mtu mwingine bila kukuambia sababu.

Sisi tulitulia kwenye mche wa sentimeta 6 kwa 6, wenye urefu wa sentimeta 32. Ujazo wake ni sentimeta za ujazo 1,152, na kwa kuwa sabuni mbichi ina uzito unaokaribia ule wa maji au kuzidi kidogo, tunapata mche ambao ukikauka haupungui kilo. Ukiugawa kila sentimeta 4 unapata vipande 8. Kila sentimeta 8 unapata vinne. Tunautia mikwaruzo ya alama ubavuni ili mwenye duka ajue mahali pa kupitisha waya wake. Kalibu yetu ni sanduku la mbao lenye upana wa sentimeta 18 kwa ndani, kwa hiyo hutoa miche mitatu kwa mpigo mmoja bila kubakiza ukingo. Mabaki ya pembeni ni mafuta yenu yaliyolipiwa. Kalibu ikipimwa kwa ukubwa wa mche, mabaki yanakuwa machache sana.

Sabuni ya kuogea ina sheria yake, nayo ni mkono. Ikiwa nene mno humponyoka mtoto. Ikiwa nyembamba huvunjika ikiwa bado nusu. Kipande cha sentimeta 8 kwa 6, chenye unene wa 2.5, huanza na gramu 120 hivi na kutulia karibu na 105. Kwa hiyo mnaweza kuandika gramu 100 mkalala usingizi. Tena kipande chembamba hukauka mapema, na kwa baridi ya huku hilo si jambo dogo.

Kosa la pili lilikuwa kisu. Ubao wa kisu una unene, nao huisukuma sabuni pande zote mbili. Mkono nao hulala upande mmoja bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana mche mmoja ulikuwa na gramu 940 na mwenzake 850 kutoka kalibu moja. Ningetaka kusema kwamba huku Ugweno, ambako wafua chuma wa ukoo wa Washana walijulikana kwa kazi zao hadi Uchagani, haifai mtu kulaumu chuma. Lakini kwa sabuni, kisu si kifaa chake. Msumeno ni mbaya zaidi. Meno yake hula kama milimeta 2 kila mkato, na kwa mikato 7 ya mche mmoja utakuwa umegeuza takriban gramu 50 kuwa unga.

Kifaa cha sabuni ni waya mwembamba uliokazwa. Chukueni fremu ya msumeno wa chuma, ile ya kawaida ya fundi, mtoe ubapa wake na mfunge waya mahali pake. Skrubu iliyopo tayari itaukaza hadi uimbe ukiuguswa. Waya usio na kutu ni bora. Waya wa chuma wa gitaa, ule usiosokotwa, hufaa sana. Wapo wanaofumua waya wa breki ya baiskeli na kutoa uzi mmoja, nao hufanya kazi wakiukausha na kuupaka mafuta kila jioni. Kwa sabuni iliyo laini bado, hata mshipi wa nailoni unaouzwa kwa wavuvi wa Nyumba ya Mungu utapita vizuri. Msitumie waya wa shaba, kwa kuwa shaba huharakisha mafuta kuchacha na sabuni huingia madoa. Wala msitumie rula au chombo chochote cha alumini karibu na sabuni mbichi: kostiki huila alumini, na sufuria ya alumini haifai kabisa kwa kazi yetu.

Waya peke yake hautoshi, maana mkono utaupotosha. Mwombeni seremala awatengenezee kisanduku kisicho na mfuniko, chenye upana wa mche, na kuta zake mbili zichanjwe mifereji inayotazamana kila sentimeta 4. Mche unalala ndani, waya unashuka katika mfereji, na kila kipande kinatoka sawa na ndugu yake, awe anakata bibi au kijana aliyejiunga jana. Mbao iwe imekauka barabara; mbichi itapinda, na mifereji itapinda nayo. Cha kwetu kimegharimu fedha kidogo kuliko oda moja iliyorudishwa.

Wakati wa kukata nao una siri yake. Sabuni ikiwa laini mno hung'ang'ania waya. Ikipitiliza hupasuka pembeni, hasa ile iliyotiwa sodiamu silikati, ambayo hukaza haraka na inaweza kuhitaji kukatwa siku ileile. Mimi huibonyeza kwa kidole, nikiwa nimevaa glovu. Ikiwa kama ugali wa jana, ngumu juu lakini inakubali alama, nakata. Glovu si pambo. Sabuni ya siku ya kwanza bado ina kostiki inayounguza, na watoto wasiwe karibu na meza ya kukatia hata wakiahidi kutogusa.

Nimeulizwa hapa mlangoni kama kikundi kikope fedha za Halmashauri kununulia mashine ya kukatia. Mnajua kwamba mikopo ya asilimia 10, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejea mwaka 2024, nayo haina riba. Kutokuwa na riba hakuondoi marejesho. Kikundi kinachokata kilo chache kwa wiki hakihitaji mashine. Kinahitaji mizani ya kuaminika, na mizani iwe ya kwanza kwenye orodha yenu ya maombi. Baada ya hapo mafuta, baada ya hapo meza za kukaushia zenye hewa chini na juu. Kwa alama ya ubora ya TBS, anzieni SIDO mkoani, na mwende na lile daftari la uzito nililolitaja. Mtu anayeulizwa maswali huku ana daftari mkononi hujibu kwa sauti nyingine.

Nimekuja na miche mitatu ya wiki ya kwanza, ya tatu na ya sita, na fremu mbili za waya. Meza iko chini ya mti, mizani iko juu yake. Waliokuja na sabuni zao wazilete kwanza tuzipime kabla jua halijapotea.